Kuformati Si Dawa ya Kila Kompyuta

Leo nimekasirika, kwa hivyo mnivumilie.

Juzi binamu yangu alipeleka kipakatalishi chake kwa fundi mmoja hapa Nairobi. Shida yake ilikuwa moja tu: kimekuwa kizito. Fundi hakuuliza swali lolote. Alifuta diski, akaweka Windows upya, akamtoza shilingi 1,500. Mradi wa mwaka wa nne, kazi ya miezi mitano, ukaenda na maji. Na mashine yenyewe? Baada ya siku tatu ilikuwa nzito vilevile.

Mbona isiwe? Hakuna aliyeutafuta ugonjwa. Daktari akikupasua tumbo kabla ya kukuuliza unaumwa wapi, utamlipa?

Mimi nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka. Prosesa ilikuwa imetulia. Kumbukumbu ilikuwa nusu. Diski? Asilimia 100, dakika baada ya dakika! Ilikuwa diski ya zamani ya kuzunguka, ambayo kichwa chake hukimbia huku na kule kikitafuta mafaili. Hata ukiiformati mara mia, kasi yake ni ileile. Tulifungua skrubu, tukaweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Sasa inawaka kabla chai haijapoa.

Kwa hivyo, kabla ya kumpa mtu mashine yako, angalia mwenyewe:

1. Diski iko 100 kila wakati: weka SSD.
2. Kumbukumbu imejaa: punguza kurasa ulizofungua, au ongeza RAM kama mashine yako ina nafasi.
3. Prosesa iko juu: tazama ni programu gani inayoila. Huenda ni antivirusi mbili zinazopigana. Bakisha moja.
4. Inachelewa tu kuwaka: nenda palipoandikwa Startup, uzime usivyovihitaji.
5. Feni inapiga kelele na mashine ni moto: safisha vumbi.

"Lakini mimi si mtu wa kompyuta!" Kusoma asilimia kwenye skrini hakuhitaji digrii. Unasoma salio la M-Pesa kila siku.

Sisemi kuformati hakufai kamwe. Virusi vikishaharibu mfumo, huenda isiwepo njia nyingine. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho, na hufuata baada ya kunakili mafaili yako yote kwenye diski nyingine.

Mafundi wazuri wapo, na nawaheshimu. Utawajua kwa swali lao la kwanza: "Mafaili yako umeyahifadhi wapi kwingine?" Usipolisikia swali hilo, chukua mashine yako uende zako.