Kelele za Brookline
Colin Montgomerie wa Scotland aliongoza orodha ya mapato ya wachezaji wa gofu wa Ulaya mara 8, saba kati ya hizo mfululizo, 1993 hadi 1999, lakini hakutwaa hata taji moja la mashindano makubwa ya gofu (majors). Nafasi ya pili katika mashindano hayo aliishika mara 5. Wengi husema hasira zake ndizo zilizomponza. Nami nakubali, ila nusu tu. Mashabiki wa Marekani walikwishaijua hasira hiyo, wakawa wanaichokoza makusudi. Kule Brookline, Marekani, mwaka 1999, kwenye Kombe la Ryder, linalokutanisha timu ya Ulaya na ya Marekani, alitukanwa hadi baba yake mzazi akaondoka uwanjani. Huo si ushabiki, ni ukatili. Na bado siku hiyohiyo alimshinda Mmarekani Payne Stewart! Katika kombe hilo hakuwahi kupoteza mechi ya mtu kwa mtu, kwa sababu, naamini, pale alikuwa na wenzake wa kumkinga. Kwenye US Open, uwanja wa Winged Foot, 2006, alikuwa peke yake: shimo la mwisho, mapigo 4 yangempa ubingwa. Alisubiri kwa muda mrefu, akabadili fimbo, mpira ukapelea. Akapiga 6.