Mgeni Hukoma Lini Kuwa Mgeni?



Ndugu msomaji, juma hili tunaomba ruhusa tuanze na kosa letu wenyewe. Katika daftari la waumini linalotunzwa na ofisi ya ukatibu wa msikiti wetu hapa Korogwe, majina yamepangwa kwa mitaa. Daftari hilo ndilo tulitumialo kila Ramadhani kugawa tende na mchele, na ndilo tulifunualo unapotokea msiba. Mwishoni mwake, katika ukurasa wa peke yake, tulikuwa tumeandika kwa mkono wetu maneno haya: "Wageni wa Chogo". Chini yake yalikuwemo majina ya familia chache zilizotoka Handeni kuja kutafuta riziki mjini. Baadhi ya watu hao wamesimama nasi katika safu moja ya swala kwa zaidi ya miaka kumi.

Hatukuliona kosa hilo mpaka tulipoonyeshwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Binti huyu alizaliwa Chogo. Anakaa kwa shangazi yake hapa mjini ili asome, na siku za Jumamosi huja madrasa. Shuleni wenzake humwita "Msomali", na siku wanayotaka kumuumiza zaidi humwita "mkimbizi". Amejaribu kila njia ili afanane nao. Ameacha kusema Kizigua mbele za watu, ilhali wanafunzi wengi wa darasa lake ni Wazigua, kwa sababu Kizigua chake kina maneno ya kizamani yanayowachekesha. Amejifunza hata kucheka pamoja nao pale wanapomcheka yeye.

Mwalimu wake wa Kiswahili aliwapa wanafunzi insha yenye anwani "Nyumbani kwetu". Binti akaandika kurasa nne. Insha ilirudi bila alama yoyote, na chini yake paliandikwa kwa wino mwekundu: "Umenakili wapi?"

Alituletea daftari lake baada ya darasa la Jumamosi. "Shikamoo, Ustadh. Naomba uisome, uniambie kama nimeiba." Tukaisoma. Ilimhusu bibi yake, ambaye siku za mwanzo za kufika Handeni kutoka vitani alikwenda kisimani kuteka maji. Huko aliwakuta wanawake wawili wakizungumza, akaelewa kila neno. Akatua ndoo, akawasalimu kwa lugha yao huku machozi yanamtoka. Mmoja akamwuliza: "Nani amekufundisha lugha yetu?" Insha ilikomea hapo: bibi hakujibu, akateka maji yake, akajitwika ndoo, akaenda zake.

Tulimwambia kwamba insha ni yake na ni nzuri. Tukamshauri aende kwa mwalimu, akubali kuandika nyingine mbele ya macho yake, ili shaka iondoke. Akainama kwa adabu, kisha akasema: "Ustadh, wenzangu hawakuambiwa waandike mara mbili." Macho yake yakaangukia daftari la waumini, lililokuwa wazi mezani kwa maandalizi ya Ramadhani. Akalisoma jina la shangazi yake na kile kichwa cha habari kilicho juu yake. Akauliza bila hasira: "Mtu hukoma lini kuwa mgeni?"

Tulikosa jibu.

Kwa msomaji asiyeijua habari ya Chogo, yafaa ajue kwamba bibi yule alikuwa na jibu refu kuliko swali aliloulizwa. Katika karne ya 19, njaa ilipoikumba nchi hii iliyo nyuma ya pwani ya Tanga, Wazigua wengi walihadaiwa au walitekwa, wakapakiwa majahazini, wakauzwa katika pwani ya Benadir: Barawa, Marka na Mogadishu. Waliotoroka utumwani walikimbilia misitu ya kandokando ya Mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakaanzisha vijiji vyao. Masimulizi yao humtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa miongoni mwa waliowaongoza. Vizazi vikapita, lakini Kizigua hakikupotea. Vita vya Somalia vilipochacha mwaka 1991, wakulima hao waliangukia mikononi mwa wenye bunduki pasipo ukoo wa kuwatetea. Wengi walikimbilia Kenya, na baadaye watu zaidi ya 12,000 miongoni mwa jamii hizo za Wabantu wa Somalia walipewa makazi Marekani. Wengine walikuja Tanzania, wakisema wazi kwamba wanarudi kwao. Waliwekwa katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wilaya hiyohiyo, wakapewa ardhi ya kulima. Serikali ikawafungulia mlango wa uraia, na wengi wao wamekwisha kupata vyeti vyao.

Wazee husema mwacha asili ni mtumwa. Basi na tuupime msemo huo kwa watu hawa. Waliuzwa sokoni, wakavushwa bahari, wakaishi ugenini zaidi ya miaka 150, na hawakuiacha asili. Leo mjukuu wao anaiacha hapa, kwenye ardhi ya asili hiyohiyo, kwa kuogopa kicheko cha watoto wetu. Biashara ya watumwa haikuiweza kazi hiyo, nasi tunaifanya kwa utani wa darasani.

Pengine atatokea wa kusema kwamba utani ni mambo ya watoto, wataacha wakikua. Lakini fasihi inatushuhudia kwamba maneno hayo hukaa. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, kulikuwa na mjadala mkubwa nchini: je, ni wetu au si wetu? Wengi wetu tulifurahi na kusema ni wetu. Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda kusoma Uingereza, nako akaonja ugeni. Riwaya yake Pilgrims Way, iliyotoka mwaka 1988, inamhusu Daud, kijana Mwislamu kutoka Tanzania anayefanya kazi za chini hospitalini katika mji wa Canterbury, huku akidharauliwa kwa rangi yake na asili yake. Daud hutunga barua kichwani mwake, kali na za kuchekesha, asizozituma. Na katika Gravel Heart, ya mwaka 2017, kijana Salim anapelekwa London na mjomba wake ili asome biashara, lakini moyo wake unaelekea kwenye fasihi. Gurnah mwenyewe aliishia kuwa profesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, katika nchi ileile aliyoingia kama mgeni.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Barua za Daud zilibaki kichwani. Binti yetu aliiandika yake na kuikabidhi, nayo ikarudi na tuhuma. Mtu mzima aliyefika mbali akitunukiwa, tunamvuta kwetu kwa mikono miwili. Mtoto aliye karibu akiandika vizuri, tunamwuliza ameiba wapi. Kama huyo wa kwanza ni wetu, huyu wa pili ni wa nani?

Wala tusijidanganye kwamba sisi wengine tuliota hapa pamoja na mibuyu. Mkoa huu wa Tanga unajivunia Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Wazee wake walikuwa Wayao, watu wa kusini, na hakuna amwitaye mgeni katika Kiswahili. Korogwe yetu nayo ilikuzwa na reli na mashamba ya mkonge, na mkonge ulikatwa na manamba walioletwa kutoka Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Jina hilo lenyewe latokana na namba, kwani walihesabiwa kabla ya kujulikana majina. Wajukuu wao leo ni majirani zetu, maimamu wetu, wakwe zetu. Aghalabu miongoni mwa watoto wanaomcheka binti wa Chogo wamo wajukuu wa manamba, ambao hawajasimuliwa na wazazi wao babu alifikaje hapa.

Nasi Waislamu tunayo kumbukumbu ya ugeni. Masahaba waliohamia Habasha walifuatwa na watu wa Makka waliotaka warudishwe. Najashi, mfalme ambaye hakuwa wa dini yao, hakukubali kuwatoa mpaka awasikie. Jaafar bin Abi Talib akasimama, akaeleza habari yao, naye mfalme akamsikiliza. Mgeni alipewa nafasi ya kusema kabla ya kuhukumiwa.

Tulifuatana na shangazi mtu mpaka shuleni. Mwalimu alitupokea kwa heshima. Alisema kwamba wanafunzi wengi siku hizi hunakili kutoka kwenye simu, jambo ambalo ni kweli, na kwamba ataisoma insha upya. Tulimwomba aisome akijua kwamba mwandishi wake alianza kusikia hadithi hiyo kabla hajajua kusoma. Mpaka tunapoandika makala haya, alama haijatolewa.

Lililo katika uwezo wetu tumelifanya. Katika kikao cha kamati tulipendekeza ukurasa ule wa mwisho uondolewe. Mzee mmoja alipinga kwa nia njema, akisema jina hilo huwasaidia wapate msaada upesi. Tukamjibu kwamba uhitaji huandikwa kwa uhitaji, haupaswi kuandikwa kwa asili, kwani mjini hapa wamo wahitaji waliozaliwa nyuma ya msikiti. Alikubali. Majina sasa yamo katika mitaa wanamoishi watu hao, pamoja na majirani zao.

Mzazi mwenzetu, tunakuomba mambo mawili. La kwanza, jioni moja msimulie mwanao namna ukoo wako ulivyofika hapo ulipo; atapunguza kicheko. La pili, mwulize anamwitaje mwenzake darasani. Sura ya 49, al-Hujurat, imetukataza kuitana kwa majina ya kuudhi, na katazo hilo halikumtoa mtoto wa shule.

Ama swali la binti yetu, jibu lake tulikuwa nalo siku zote katika kauli ya wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Chogo wanalima Handeni tangu mwaka 2003. Jumamosi ijayo, inshaallah, tutamjibu.

Wabillahi tawfiq.