Sikio Lisiwe na Haraka



Mama mmoja wa Mombasa ameniandikia akilalamika kwamba binti yake havui visikizio masikioni tangu arudipo shule hadi alalapo. Akimwuliza anasikiliza nini, binti hajui kumtajia mwimbaji wala maana ya maneno. Mama ataka nimpe hukumu ya kumkataza. Ndugu msomaji, suala la ala za muziki wanazuoni wamelijadili tangu kale na wametofautiana, na kila upande una hoja zake. Leo sikuja na fatwa. Nimekuja na kosa langu mwenyewe, na rekodi nne za kusikilizwa polepole, nyumba nzima.

Mwaka 1994 nilikuwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, na elimu kidogo ilikuwa imenipanda kichwani. Mama yangu, Allah amrehemu, alikuwa na kaseti moja aliyoihifadhi ndani ya kasha la nguo. Humo alijisomea Utendi wa Mwana Kupona kwa mahadhi ya nyumbani, siku chache kabla ya harusi ya dada yangu. Alikuwa amevunja vile vidude viwili vya juu ya kaseti ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Mimi nilihitaji kanda ya kunasia mawaidha, na kwangu ile ilikuwa “nyimbo tu”. Nikaziba matundu kwa karatasi ya gundi, nikarekodi. Alipojua, aliniuliza, “Mawaidha yenyewe ni mazuri?” Nikamjibu kuwa ni mazuri. Akanyamaza. Alifariki miaka mitano baadaye, na hatuna rekodi nyingine ya sauti yake.

Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi huo mwaka 1858. Ulikuwa wasia wa mama kwa mwanawe, nami nikaufuta kwa sababu sikuwahi kuketi nikausikiliza hadi mwisho.

Sasa naishi Migwani, katika Kitui, kwa kazi ya kusomesha. Mama watoto ni mwenyeji wa huku. Watoto wetu wanasema Kikamba barazani na Kiswahili cha vitabuni darasani. Kile cha Pwani hukisikia kwangu peke yangu. Ndipo nikakumbuka maneno ya Junayd yaliyopokewa na Imamu Ghazali katika Ihyaa, kwamba usikilizaji wahitaji mambo matatu: wakati, mahali na wenzi. Wakati wetu ni baada ya Isha, usiku wa Ijumaa. Mahali ni mkekani, simu zote zikiwa chumba kingine isipokuwa ile iliyounganishwa na spika. Wenzi ni sisi wenyewe, na msimu wa mbaazi ukifika huwa na ungo katikati: mikono yabangua, ndimi zatulia.

Kwanza nieleze mpaka. Kisomo cha Qur'ani sikiweki katika safu hii. Hicho kina adabu yake ya kukinyamazia, nacho hakiwi pambo la nyuma ya kazi yoyote.

Rekodi ya kwanza ni ya kikundi cha Maulidi ya Homu cha Mtendeni, Unguja, iliyotolewa Ufaransa katika mfululizo uitwao Zanzibara. Humo mna sauti za watu na matari, na sifa za Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Wasomaji hukaa safu wakiyumba pamoja kama mawimbi. Mwanzo ni wa taratibu mno, na kijana atataka kuruka mbele. Asiruke, kwani kasi ya baadaye haina ladha kwa asiyeingoja. Mwenye kushika rai ya kukataza ala nyingine zisizokuwa dufu, na aishie hapa, wala hajapungukiwa.

Ya pili ni ya marhumu Zein l'Abdin wa Lamu, fundi wa udi aliyefariki mwaka 2016. Santuri yake ya mwaka 1990 yaitwa Mtindo wa Mombasa. Zein alishirikiana sana na malenga Ahmed Sheikh Nabhany, bingwa wa lugha aliyezaliwa Matondoni. Alikuwa akitamka maneno yakasikika moja moja, hata udi wampishe. Hapa ndipo watoto wangu walipoanza kuuliza. “Baba, mato ni nini?” Nikawaambia ni macho, kwa Kiamu na Kimvita. Binti yangu akamtazama mamake, akasema, “Kumbe ni metho!” Ndivyo Wakamba waitavyo macho. Usiku ule sikuhitaji kumshurutisha mtu kupenda lugha ya babu yake.

Ya tatu ni ya Ikhwani Safaa, chama cha Unguja kilichoasisiwa mwaka 1905, nayo ilitolewa kilipotimiza miaka mia. Fidla na kanuni hutangulia kwa muda mrefu kabla ya sauti kuingia. Ni kama mgeni mstaarabu, apigaye hodi akangoja.

Ya nne ni santuri zozote mtakazozipata za Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Sauti imechakaa na kukwaruza, na upande mmoja wa santuri za zama zile ulibeba dakika tatu hivi. Kwa hiyo sikilizeni wimbo mmoja tu, kisha urudieni mara tatu. Mara ya kwanza mtasikia makwaruzo, ya pili mtasikia sauti, na ya tatu mtasikia mwanamke wa Fumba, mtoto wa watu wanyonge, akiwahadithia mambo ya mji wake.

Basi, mama uliyeniandikia, usianze kwa kumpokonya binti visikizio. Mwombe akuwekee mmoja katika hizi spikani, nawe uketi naye hadi mwisho. Neno lolote asilolijua mfafanulie. Nawe usipolijua, mpigieni simu bibi yake. Kisha naye akuchezee akipendacho, nawe umsikilize kwa subira ile ile, mpate kupima maneno pamoja, lipi jema na lipi la kuachwa.

Na simu hiyo hiyo inayotusumbua, itumieni kumrekodi bibi huyo akisoma utendi aujuao. Wekeni nakala mbili, katika nyumba mbili. Mimi nimebaki na kaseti yenye mawaidha mazuri, ambayo sijaisikiliza tena tangu mama afariki.

Allah atusamehe tuliyoyafuta kwa ujinga, na atujaalie masikio yenye kuhifadhi. Wabillahi tawfiq.