Mteja wa sikilidi usimuuzie mmea laini

Leo naongea zaidi na nyie mnaouza samaki wa mapambo, iwe una duka, kibanda, au unauzia nyumbani kwa simu. Kama unauza bidhaa nyingine soma tu mpaka mwisho, maana kanuni yenyewe ni ileile.

Msimamo wangu ni huu: ukiuza sikilidi, usirundike mimea ya aina kumi na tano kwenye beseni ili duka lipendeze. Weka aina nne tu, zile ngumu, na uzijue vizuri. Nyingine waachie wanaouza samaki wapole.

Wengi watanibishia. Watasema mteja anataka kuchagua. Wengine watasema kwa sauti ya chini: "Mmea ukifa ndio vizuri, atarudi kununua mwingine." Hapo ndipo tunapojiua wenyewe.

Fikiria mteja kanunua tangi, mchanga, filta na sikilidi kumi wa Ziwa Nyasa. Ukamfungia na kabomba, mmea mzuri kweli, majani laini kama manyoya. Kesho yake vimebaki vijiti. Keshokutwa vipande vinaelea na filta imeziba. Huyo mteja hatasema "nimechagua mmea usiofaa". Atasema "yule jamaa kanipiga", na atawaambia wenzake.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme kwenye fungu la kabomba ulipata faida ya 2,000. Mteja yuleyule angekuja kila mwezi kuchukua chakula, sponji ya filta na vikorokoro vingine, ukabaki na faida ya 10,000. Kwa mwaka ni 120,000. Sasa umeitupa 120,000 kwa kukimbilia 2,000. Hiyo biashara gani?

MJUE SAMAKI KABLA YA MMEA

Sikilidi wote hawana tabia moja. Kabla hujamfungia mteja mmea, muulize: "Kaka, au dada, tangini umefuga nani?"

Mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa rangi kali wanaoishi kwenye mawe, wengi wao chakula chao cha asili ni ukijani unaoota juu ya miamba. Mdomo wao umeumbwa kwa kukwangua. Jani laini kwao ni mboga. Hata jani gumu watalijaribu, ila wakiona halitafuniki wanaliacha.

Wa Ziwa Tanganyika wana mambo yao. Wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono hawana shida na majani, lakini wanachimba mchanga mchana kutwa. Mmea wowote wenye mizizi karibu na kombe lake utang'olewa. Tropheus naye ni mkwanguaji kama mbuna.

Halafu kuna wageni kutoka Amerika ya Kusini, kama oska. Huyu ni mkubwa na ana nguvu, anahamisha vitu tangini kama mpangaji mpya anayepanga fanicha. Kwake chochote kilichopandwa mchangani ni cha muda tu.

Na kuna suala la maji. Maji ya Tanganyika na Nyasa ni ya alkali: pH ya Tanganyika iko karibu 9, ya Nyasa huzunguka 8. Mfugaji makini anajaribu kuyafuata hayo. Sasa mimea mingi ya mapambo inayovutia macho, kabomba ikiwemo, inapenda maji laini. Kwa hiyo hata samaki asipoigusa, maji yenyewe hayaifai.

AINA NNE ZA KUWEKA DUKANI

1. Anubiasi. Huyu ni Mwafrika mwenzetu, asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, huko Kamerun na majirani zake. Jani lake ni gumu kama ngozi na halihitaji mwanga mwingi. Kosa linaloiua ni moja: watu wanafukia lile shina nene linalolala, linaoza. Shina likae juu. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, mizizi itashika yenyewe. Kwa kuwa haiko mchangani, mchimbaji hana cha kuchimbua. Inakua polepole, kwa hiyo bei yake iko juu. Usiogope kumwambia mteja sababu.

2. Javafeni. Ni jamii ya kangaga, imetoka Asia ya Kusini-Mashariki. Samaki wengi hawaipendi mdomoni. Nayo hufungwa kwenye jiwe au gogo, haifukiwi. Mwambie mteja mapema: vidoa vya kahawia chini ya jani mara nyingi si ugonjwa, ni spora zake. Na vimche vinavyoota kwenye ncha za majani ni mimea mipya ya bure. Usipomwambia atakuja na picha kwenye simu kulalamika.

3. Valisneria. Majani marefu kama utepe. Hii inaota hata kwenye maziwa yetu yenyewe, na maji magumu ya alkali inayapenda. Inahitaji mchanga, kwa hiyo isimamie kwa mawe kuzunguka mizizi, na iachwe wiki kadhaa ishike kabla samaki hawajaingia. Jambo la kumwambia mteja: siku za mwanzo majani ya zamani yanaweza kuoza. Asiing'oe! Mzizi ukiwa mzima, majani mapya yatatoka. Kwa mbuna wasumbufu au oska, usiiuze. Wape wa Tanganyika walio wapole kidogo.

4. Honiwoti. Haina mizizi, inaelea, inaota karibu dunia nzima. Inakua haraka na inafyonza uchafu wa mbolea unaotokana na kinyesi cha samaki. Italiwa? Ndiyo, itatafunwa. Lakini ni rahisi na inaota kwa kasi, na vifaranga wanapata pa kujificha. Ubaya wake ni vile vijani kama sindano vinavyopukutika ikihamishwa, vinaziba filta. Mwambie.

Umeona? Kila mmea una neno la kumwambia mteja kabla hajalipa. Maneno hayo ndiyo yanayokutofautisha na jirani yako. Mmea hata yeye anao.

"SI BORA NIUZE PLASTIKI TU?"

Swali halali. Kwa mwenye oska mkubwa au mbuna wengi kwenye tangi dogo, mimi mwenyewe nitakwambia muuzie mawe na plastiki, mmalizane vizuri. Kumwambia mteja "kwa samaki wako mmea hai haufai" si kupoteza mauzo. Siku akija na tangi la pili atakuamini.

Ila plastiki haizai. Mmea hai unazaa. Valisneria inatambaa na kutoa miche pembeni. Shina la anubiasi ukilikata kwa kisu kikali, kila kipande kikabaki na majani matatu manne, una mimea miwili. Honiwoti ukiikata kipande kinaendelea. Kwa hiyo mtaji wa mimea unaununua mara moja, ukautunza kwenye beseni au tangi lisilo na samaki, penye mwanga wa wastani, na ukauza watoto huku mama akibaki. Sio utajiri wa haraka, anubiasi hasa itakutaka subira, lakini ni bidhaa ambayo stoo yake inajijaza yenyewe.

Na hapa ndipo aina nne zinapoishinda kumi na tano. Nne unaweza kuzizalisha mwenyewe. Kumi na tano utakuwa unanunua, zinaoza, unanunua tena. Hasara ya mimea iliyooza haionekani kwenye daftari la wengi wetu kwa sababu tunaitupa kimyakimya.

MAMBO MATATU YA KUZINGATIA

Moja, mzigo mpya usiuingize moja kwa moja kwenye tangi la kuuzia. Uweke kwenye ndoo yake kwanza, uukague. Konokono na mayai yao husafiri kwenye majani. Mteja akipelekewa konokono bila kuagiza, hatakushukuru.

Mbili, uza mmea ukiwa umeshafungwa kwenye jiwe. Jiwe ni la bei ndogo, uzi ni wa bei ndogo, lakini mteja anaona kitu kamili cha kudumbukiza tu. Unapandisha bei kihalali na unamwepusha na kosa la kufukia shina.

Tatu, na hili sina utani nalo: mabaki ya mimea usiyatupe mtoni, mtaroni wala ziwani. Yaanike yakauke kabisa, ndipo utupe. Gugumaji lililosumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilienea duniani kwa sababu watu walipenda maua yake wakalipanda kama pambo. Wavuvi wakafungiwa njia, mitumbwi ikakwama. Pambo la mmoja likawa mzigo wa wengi. Na hao sikilidi tunaowauza, wengi wao asili yao ni maziwa yetu haya. Tukiyaharibu tumekata tawi tulilokalia.

Kwa hiyo ndugu zangu, swali la kujiuliza si "nina mimea mingapi dukani?" Jiulize: nilichouza mwezi uliopita, bado kiko hai nyumbani kwa mteja? Mmea unaoishi unakutangazia biashara kila mgeni anapoingia sebuleni na kuuliza "hii umetoa wapi?" Uliokufa nao una mdomo, na hausemi mazuri.

Kesho ukifungua, anza na beseni lako la mimea. Usichoweza kukisemea ukweli mbele ya mteja, usikiagize tena. Kazi kwako.