Tuwafundishe Vijana Wetu Kujibu kwa Hekima

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, makanisa yalivamiwa na kuchomwa moto. Chanzo, kama kilivyotangazwa, kilikuwa ubishi wa watoto wawili, mmoja Muislamu na mwenzake Mkristo: ati anayeuchezea Msahafu hupatwa na balaa papo hapo. Yule wa pili akajaribu, akaukojolea.

Kuvunjiwa heshima Msahafu kunauma, wala hatusemi kuwa ni jambo dogo. Lakini tujiulize, wazazi na walimu: ni nani aliyemfundisha mtoto wetu kuwa utukufu wa Qur'ani huthibitishwa kwa kutishana? Na ni wapi tulipoamrishwa kulipiza kosa la mtoto kwa kuchoma nyumba ya ibada ya watu wasiohusika?

Vijana wetu wanasoma shule moja na Wakristo, wanakaa dawati moja. Madrasa wanahifadhi sura nyingi, alhamdulillah. Lakini wakiulizwa na mwenzao, "Kwa nini mnafunga?" au "Nyinyi mnasemaje juu ya Yesu?", wengi hunyamaza au hugombana. Katika upungufu huo, sisi walimu tuna fungu letu.

Tunao mfano bora. Mwaka 615, Waislamu walioteswa Makka walikimbilia Habasha, kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makuraishi wakapeleka wajumbe na zawadi ili warudishwe. Aliyesimama kuwajibia Waislamu ni Ja'far bin Abi Talib (R.A.), naye alikuwa bado kijana. Alieleza kwa utulivu Uislamu unaamrisha nini: kusema kweli, kutunza amana, kuunga udugu, kumtendea wema jirani. Akasoma sehemu ya Surat Maryam. Alipoulizwa juu ya Nabii Isa (A.S.), hakuficha itikadi yake wala hakumtukana mtu. Najashi akawapa hifadhi.

Basi, enyi wanafunzi, kuishi kwa amani na wa dini nyingine si kuchanganya dini. Surat Al-Ankabut, aya ya 46, inatutaka tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora. Usifanyie mzaha kitabu cha mwenzako, wala usimpe sababu ya kufanyia mzaha chako. Akikuuliza unalolijua, mjibu. Usilolijua, mwambie utamuuliza ustadhi. Na akikukosea, lilete kwa wakubwa kabla halijafika mtaani.

Nasi wakubwa tukiletewa, tulizime, tusilichochee. Cheche ya Mbagala ilitoka kwa watoto, lakini moto uliwashwa na watu wazima.

Allah atujaalie hekima na subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.