Okapi wa Ituri anaonekana Florida, mtoto wa Mambasa atamwona lini?

Karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kuna bustani kubwa ya michezo na wanyama inayoitwa Disney's Animal Kingdom. Ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Familia hufika asubuhi, hulipa zaidi ya dola 100 kwa mtu mmoja, na hukaa humo hadi jioni. Watoto hupanda magari ya reli yanayopanda na kuteremka mlima wa bandia kwa kasi, hutazama maonyesho ya nyimbo na ngoma, hula, kisha huzunguka kuangalia wanyama.

Moja ya mambo yanayopendwa sana pale ni safari ya lori inayoitwa Kilimanjaro Safaris. Wageni hupanda lori lililo wazi pembeni, dereva huwasimulia njiani, na kwa muda wa dakika kama 20 wanapita karibu na twiga, viboko, tembo na simba. Mwanzoni kabisa mwa safari hiyo lori huingia kwenye kichaka kilichopewa jina la Msitu Mdogo wa Ituri. Humo, kati ya majani, ndimo anamokaa okapi.

Okapi ni ndugu wa twiga, mwenye miguu ya milia kama ya punda milia. Porini anaishi katika nchi moja tu duniani, nayo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mtoto wa Florida anamwona akiwa na pipi mkononi, kisha anarudi nyumbani na kumsimulia bibi yake.

Sasa mfikirie mtoto wa Mambasa, aliyekimbia na wazazi wake usiku, ambaye leo analala katika chumba cha kuazima kule Beni au Bunia. Jina la okapi analisikia kila siku, kwa kuwa Radio Okapi imebeba jina hilo tangu ilipoanza kutangaza mwaka 2002. Lakini mtoto huyo akiulizwa okapi ana rangi gani, ni mkubwa kama mbuzi au kama ng'ombe, huenda asijue. Mnyama ni wa msitu wa nyumbani kwao, ila anayemfahamu ni mtoto wa mbali.

Hilo lisichukuliwe kuwa jambo dogo la kufurahisha watoto. Watu hawalindi kitu wasichokijua, na hawakipendi kitu ambacho kila siku kinawaletea hasara peke yake.

Tuhuma kwamba bustani ile ni uongo mtupu si ya haki. Ni kweli kuna mengi ya kutengenezwa. Mibuyu mikubwa ya kando ya njia ni ya saruji. Mitaro iliyofichwa ndiyo inayomtenga simba na swala, ijapokuwa mgeni anaona kama wako pamoja. Kijiji kinachoitwa Harambe kimejengwa kwa mfano wa miji ya mwambao wa Afrika Mashariki kama Lamu, na kuta zake zimechakazwa makusudi ili zionekane za zamani. Ukutani kuna neno Uhuru na mwaka 1961, ingawa mji huo haujawahi kuwepo popote. Lakini wanyama ni wa kweli, na watu waliojenga bustani ile walielewa jambo moja: mtoto hafundishwi kumpenda mnyama kwa amri. Anafundishwa kwa kumwona, kucheka, kushangaa na kusikia habari zake kutoka kwa mtu anayezijua. Pia sehemu ya fedha za kampuni hiyo huenda kwenye mfuko wa kulinda wanyama ulioanzishwa mwaka 1995.

Kasoro iko kwenye habari inayosimuliwa. Kwa miaka mingi safari ile ya lori ilikuwa na hadithi ya majangili waliomshambulia tembo na mtoto wake, na wageni wakawa kama wanasaidia kuwafukuza. Hadithi hiyo ni nyepesi, kwa sababu adui anajulikana na mwishoni anashindwa. Mgeni anatoka akiamini kwamba shida yote ya wanyama wa Afrika ni mtu mmoja mbaya mwenye bunduki. Anasikia jina la Ituri, ila hasikii kwamba Ituri ni jimbo lenye watu, masoko, shule na makanisa, na kwamba watu hao wamekuwa wakizikwa na kukimbia kwa miaka mingi.

Lugha nayo imesafiri kama okapi. Mwaka 2003 kampuni hiyohiyo ilisajiliwa Marekani kuwa na haki ya kibiashara juu ya maneno "Hakuna Matata" kwenye nguo. Mwaka 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi ombi la kupinga jambo hilo. Maneno ambayo mama anamwambia mtoto wake bure sokoni yalikwisha kupata mwenyewe mahali pengine.

Hata hivyo, kulaumu Florida hakutamfikisha mtoto wa Mambasa mbele ya okapi. Zamani aliweza kumwona karibu na kwao. Kule Epulu, kwenye barabara ya kutoka Mambasa kuelekea Niania, kulikuwa na kituo kilichofuga okapi tangu mwaka 1952. Wageni na wanafunzi walifika pale na kuwaona kwa macho yao. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2012 kituo kilishambuliwa na kundi la Mai-Mai. Watu waliuawa, wakiwemo walinzi, nyumba zilichomwa, na okapi wote 14 waliokuwa pale wakafa. Kwa asubuhi moja, mahali ambapo mtoto wa kijijini aliweza kumwona mnyama wa taifa lake palitoweka. Waliolia siku hiyo walilia kwanza kwa ajili ya watu, na ndivyo inavyopaswa. Lakini watoto nao walinyang'anywa kitu, na hakuna aliyekuja kuwaeleza.

Tangu hapo, watoto wengi wa Ituri na Kivu wanaijua mbuga kwa njia nyingine kabisa. Wanaijua kama mahali ambapo mama alinyang'anywa kuni. Wanaijua kama mpaka ambao baba akiuvuka kutafuta makala anarudi na faini au harudi. Familia iliyopoteza shamba ikafika pembeni ya Virunga haina jiko la gesi wala umeme. Inahitaji moto wa kupikia sombe na bugali leo jioni, na miti iliyo karibu ni ile ya mbuga. Kwa Batwa wa Kahuzi-Biega historia ni chungu zaidi, maana walitolewa katika msitu wa mababu zao miaka ya 1970 ili gorila walindwe. Ukiongea na watu kama hao juu ya uzuri wa wanyama, watakujibu kwamba hao ni wanyama wa wazungu.

Upande wa pili, walinzi nao wanakufa. Katika Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, zaidi ya walinzi 200 wamekwisha kuuawa kazini. Wengi wao ni watoto wa vijiji vilevile. Hivyo kijiji kimoja kinazika mlinzi na kulipia faini ya mchoma makala, na pande zote mbili hazijawahi kukaa siku moja kumtazama pamoja huyo mnyama wanayegombania.

Kuna watakaosema: watu wana njaa, watoto hawaendi shule, mahema yanavuja, na bado mtu anataka kuongea habari za okapi? Swali hilo ni la haki. Unga, dawa na usalama vinatangulia, na hakuna safari ya wanyama inayoweza kuchukua nafasi ya kurudi nyumbani. Lakini mtoto wa mkimbizi si tumbo peke yake. Ana haki ya siku moja ya kushangaa jambo jingine mbali na bunduki. Na siku amani itakaporudi, yeye ndiye atakayeamua kama msitu unabaki au unakatwa. Atakachokuwa amejifunza juu ya msitu huo wakati wa dhiki ndicho atakachokwenda nacho.

Wala si ndoto, kwa sababu mfano upo Kivu Kaskazini. Kule Kasugho, katika wilaya ya Lubero, kuna kituo cha GRACE kilichoanzishwa mwaka 2009 kulea gorila yatima. Hao ni gorila wa tambarare za mashariki, wanaopatikana mashariki mwa Congo peke yake. Wale wanaoonyeshwa Florida ni wa aina nyingine, kutoka upande wa magharibi mwa Afrika ya Kati. Wataalamu wa Disney's Animal Kingdom wenyewe walisaidia kukianzisha kituo hicho. Mwaka 2010 helikopta ya Umoja wa Mataifa iliwabeba gorila wanne kutoka Goma kuwapeleka huko. Na mwezi Oktoba 2024 gorila majike wanne waliolelewa Kasugho waliachiliwa katika Mlima Tshiabirimu, ndani ya Virunga, ili wajiunge na wenzao wa porini.

Kazi hiyo ina uzito. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yalisema gorila wa aina hiyo wamebaki kama 3,800. Uchunguzi wa mwaka 2021 ulipandisha hesabu hadi 6,800, ila bado ni wachache mno wakilinganishwa na waliokuwepo kabla ya vita. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba Kasugho haikuwalea gorila peke yao. Watu wa pale waliajiriwa, na wanafunzi wa jirani wanafundishwa habari za msitu. Lwiro nako, huko Kivu Kusini, sokwe na nyani yatima wanatunzwa karibu na vijiji, na shule zinahusishwa. Mtu anayemwona gorila mdogo akikumbatia mlezi wake kama mtoto mchanga hasemi tena kirahisi kwamba huyo ni nyama tu.

Kinachokosekana ni kuwafikia watoto wa familia zilizokimbia. Hao hawamo kwenye orodha ya shule za jirani, kwa kuwa leo wako hapa na kesho pengine. Yafuatayo yanawezekana bila kujenga reli wala mlima wa saruji.

Kwanza, vituo kama hivyo, pale usalama unaporuhusu, vitenge siku maalum kwa watoto wa wakimbizi wa ndani na wa familia zilizowapokea, pamoja na bila malipo. Watoto wa mwenyeji na wa mgeni wakipanda lori moja, hata ugomvi wa kisimani unaweza kupungua.

Pili, pale barabara isipopitika, mnyama apelekwe kwa watoto kwa filamu, picha na redio. Mashirika yanayoleta sabuni na turubali yanaweza kuleta pia ukuta mweupe wa kuonyeshea filamu jioni moja. Na wazee wa Kibuti na wa Kinande walio katika maeneo hayo waalikwe kusimulia, kwa sababu wao walimjua okapi kabla vitabu vya Ulaya havijamwandika mwaka 1901.

Tatu, wakubwa wa mbuga waache kukutana na wananchi siku ya kukamata peke yake. Mlinzi anayekuja na bunduki kila mara ataogopwa. Akija mara moja kwa mwezi na habari za wanyama, na miche ya miti ya kuni, ataanza kusikilizwa.

Na wale wa Florida, kama wanalitumia jina la Ituri, wamwambie mgeni wao ukweli wote. Dakika moja ya maelezo kati ya 20 inatosha kusema kwamba msitu huo upo, una watu, na watu hao wanataka amani kabla ya kitu chochote.

Okapi wa Florida amelishwa, ana daktari, na kila siku anatazamwa na watoto wa wengine. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni mtoto wa Mambasa kufika utu uzima akimjua mnyama wa kwao kama jina la redio tu, kisha aambiwe kwamba ni wajibu wake kumlinda.