Miguu ya Chuma Vilimani
Aliyewahi kumtazama punda wa Kalama, huko Ukambani, akishuka matuta yenye changarawe, madumu ya maji ubavuni, kila ukwato ukilijaribu jiwe kabla ya kulikanyaga, hatastaajabu kwamba jeshi la Marekani lilitamani mnyama wa chuma wa kuwafuata askari pasipofika gurudumu wala mnyororo wa kifaru. Walakini mashine iliyoundwa kwa kazi hiyo, LS3, iliyobeba kilo 180 hivi, iliwekwa kando mwaka 2015, kwa sababu injini yake ilinguruma kiasi cha adui kuisikia kabla ya kuiona. Haja yenyewe si mpya: katika vita vya 1914 hadi 1918 huku Afrika Mashariki, magari yalipozama matopeni, Wakamba na wapagazi wenzao ndio waliobeba shehena, na wengi wao wakafa. Miguu, basi, ina hoja yake, ila kifaru chenye deraya na mzinga sioni kitakachokirithi.